Pikapu Yangu ya Umeme Ilivyovutwa Ukweni

Naomba mnicheke mapema tumalizane. Mimi na pikapu yangu ya umeme tuliwahi kuvutwa kwa kamba katikati ya Mafinga, nyuma kwenye bodi wamekaa shangazi wa mchumba wangu na vitenge vyao vya sare, na siku yenyewe ndiyo niliyokwenda kujitambulisha kwa wazazi wake.

Baba yake Tuli, huyo mchumba wangu, ana malori ya mbao, ya dizeli, na alishamwambia binti yake kwamba mwanamume anayenunua gari la betri huku milimani hajatulia kichwani. Kwa hiyo sikuwa naenda kuomba mchumba tu, nilikuwa naenda kulitetea na gari (na ukweli gari lenyewe halina ubaya, nalala nimelichomeka nyumbani Mlandege, asubuhi nawapelekea wateja makabati bila moshi wala kelele, na hela ya dizeli nimeshaisahau). Shida yake, ukilipakia mzigo mzito ukapanda milima chaji inakimbia, na njiani hakuna pa kuchaji. Sasa mimi nilipakia mchele, soda, mbuzi na baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu na ni mzito kuliko mbuzi. Tulifika chaji imebaki kidogo, sikujali, nikajua nitachomeka ukweni wakati tunakula.

Tukakuta umeme umekatika.

Hapo ningekaa kimya tu. Lakini muziki umenyamaza, wageni wamepooza, baba mkwe ananitazama, basi kiherehere kikanipanda, nikasimama nikasema, "Baba, gari langu lina soketi kule nyuma." Wakavuta waya, spika zikalia, watu wakapiga makofi, na mzee akatikisa kichwa akasema, "Kumbe!" Jamani, ile kumbe ilinilevya. Likaja friji la mama mkwe, nikasema chomekeni. Zikaja simu za majirani, nikasema leteni. Akaja fundi seremala wa jirani na randa yake ya umeme, eti ana mlango wa mtu anaumalizia, baba mdogo akanifinya paja, mimi nikasema karibu fundi (mtu umekwenda kuomba binti, unaanzaje kusema hapana pale ukweni?).

Jibu la posa lilikuwa bado, mzee alisema atalitoa baada ya chakula. Tulipokwisha kula akanigeukia.

"Shangazi zake wanarudi kwao, ng'ambo ya soko. Wapeleke, na mimi nilione hilo gari likitembea."

Nilikuwa nimeshachungulia chaji, haitoshi, lakini mdomo ukajibu wenyewe, "Bila shaka, baba."

Lilizima pale sokoni, kwenye kimlima, mbele ya vijana wa bodaboda. Gari hili likiwaka na likizima sauti ni ileile, basi mashangazi wakaendelea kuimba wakidhani nasubiri watu wapite, mpaka mmoja akainama dirishani, akaniita mkwe kwa kikwao.

"Mkwilima, mbona huwashi?"

"Chaji imeisha, shangazi."

"Imeisha?" Akawageukia wenzake. "Jamani, imeishaaa!"

Soko zima likasikia. Natamani ardhi ipasuke, ardhi yenyewe imekaza. Ikabidi baba mkwe aje na lori lake mwenyewe, akafunga kamba, akatuvuta taratibu. Gari la umeme likivutwa, magurudumu yanairudishia betri chaji kidogo kidogo (msijaribu kabla hamjauliza fundi), hivyo tulipofika kwa mashangazi kioo cha chaji kilikuwa kimeanza kuonyesha uhai. Yule shangazi akashangilia, "Kaka, mtoto amenyonya!"

Mzee hakucheka. Akashuka, akaizunguka pikapu yote.

"Gari lako zuri," akasema. "Limetupigia muziki, limepoza soda, limemaliza mlango wa watu. Anayenitia wasiwasi ni wewe. Ulijua chaji haitatosha?"

"Nilijua, baba."

"Sasa nikikupa Tuli, siku ndani hakuna unga utamwambia upo?"

Nikajua binti nimemkosa, na iliniuma kweli.

"Haya," akasema, "kesho asubuhi utanipelekea mbao Mbeya, kwa gari hilohilo."

Mbeya! Na mbao juu!

"Hapana, baba. Halitafika."

Mzee akaninyooshea mkono, nilipompa wangu akaushikilia.

"Sasa nimepata mtu wa kuongea naye," akasema. "Binti tumekupa."

Vigelegele vilipigwa palepale, na mimi sioni haya kusema kwamba nilitoa machozi.

Tangu siku hiyo nimeapa: ugenini soketi yangu haifunguliwi kabla sijahakikisha itabaki chaji ya kunirudisha nyumbani, hata aombe nani. Isipokuwa mama mkwe. Mama mkwe bado sijaweza.