Maua ya Kona ya Tope

Bado naikumbuka siku niliyoketi topeni kule Endarasha, mwanangu, na mpaka leo sijapata kiti cha fahari kama kile.

Nilikuwa bibi harusi wa juzi, nimetoka kwetu Ruring'u, na uhuru nao ungali mchanga. Mama mkwe alinigawia kishamba changu, kama ilivyo desturi, lakini alinipa kona ya chini kando ya chemchemi, ambako jembe lilizama mpaka mpini. Mchagua jembe si mkulima, nikapokea. Kulikuwa na maua ya mwituni yakikanyagwa na ng'ombe mtoni, yale marefu yenye vichwa vyekundu kama kijinga cha moto. Niliyachimbua nikayapanda pale. Majirani wakacheka wakashiba. Ati msichana wa Ruring'u atawapikia watoto maua!

Kiangazi kikaja, na Kieni yetu unaijua kwa ukame. Kila mahali pakakauka isipokuwa kwangu, ambako maua yalichanua. Mume wangu Mwangi akaanza kuchimba mtaro ayatoe maji, apande kabichi. Nilimsihi, hakusikia. Basi nikaingia ndani ya mtaro wake, nikaketi. Akabaki ameshika jembe, hajui alipige wapi.

Ndipo baba mkwe akatokea. Alihitaji asali ya kutengenezea pombe ya kupeleka ukweni, maana mwanawe mdogo alikuwa anaposa, na nyuki wa mizinga yake walikuwa hawana maua pa kwenda. Asubuhi hiyo aliwaona wakiruka kuelekea bondeni, akawafuata mpaka kwangu. Alisimama akiwatazama wakihangaika mauani, na chozi, vile vindege vya kunyonya maua, wakigombania kilichobaki.

"Mwangi, ziba hiyo mtaro," akasema. "Mwenye anataka kabichi aende soko. Hapa ni kwa Nyambura."

Posa ile ilipata asali yake, na jina langu likatajwa mbele ya wazee. Nilijivuna, mwanangu, na bado najivuna.

Kwa hiyo ukirithi kona yenye maji, usiikaushe. Mvua ikianza, gawa shina la maua haya pamoja na mizizi yake, ulipandikize pale mguu unapozama. Mabua makavu yaache mpaka mbegu zidondoke. Kilimani usiyapeleke, yatakufa yakikulaumu. Na watu wakikucheka, waache. Chema chajiuza.

Mungu akupe ardhi yenye chemchemi, mwanangu, na siku watakapokuja kuikausha, akupe moyo wa kuketi.