Ozoni Katika Jakuzi la Mama

Mama mkwe wangu alipopooza upande wa kushoto, mume wangu alinunua jakuzi kuukuu kutoka hoteli iliyokuwa ikifungwa, akaliweka kwenye gereji nyuma ya nyumba yetu, Buruburu. Anayemnyoosha viungo alikuwa amesema maji ya moto yatamsaidia, na kweli yalimsaidia. Kila alasiri nilimwingiza nikiwa nimemshika kwapani, na ule mguu mgumu kama gogo ukaanza kukunjika.

Shida ilikuwa klorini. Maji ya bomba kwetu huja yanapotaka, kwa hiyo hatukuweza kumwaga na kujaza upya kila mara. Yalilazimika kukaa, na maji ya moto yakikaa huharibika upesi. Nikawa natia klorini. Ngozi ya Mama ikaanza kuwasha, kisha ikachubuka mapajani.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Njiru na huja Jumapili baada ya kanisa. Jumapili moja aliinua leso ya mama yake, akayatazama yale mapaja, halafu akanitazama mimi.

"Wifi, unamwosha Mama ama unamloweka kama nguo?"

Mume wangu alikuwa amesimama nje ya mlango. Kwao mwanamume haingii mahali mama yake anapooga, kwa hiyo mambo ya maji yalibaki kwetu sisi wawili, yeye akisikia sauti tu.

Wifi alikuwa ameshapata dawa. Kuna mashine ya ozoni, akasema, kisanduku cha ukutani kinachotengeneza gesi na kuipuliza majini kwa mpira mwembamba, nayo inaua vijidudu. Muuzaji amemwambia hatutahitaji klorini tena.

"Tena kabisa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na hiyo gesi ikitoka majini inaenda wapi?"

"Wewe kila kitu ni maswali. Mama anachubuka!"

Nikakubali. Mashine ikaja, ikafungwa ndani ya gereji.

Lazima niseme ukweli wake. Maji yaling'aa. Ile harufu ya klorini iliisha, na ngozi ya Mama ikapoa. Lakini karatasi ya kupimia klorini nilipoichovya haikubadilika rangi hata kidogo, nikajua kwamba mashine ikizimwa maji yale hayana mlinzi. Tena kila nilipofunua kifuniko nilikutana na harufu nyingine, kali, kama ya chumba cha kutolea kopi, ikinikwaruza koo. Nilimpigia wifi. Akasema ndiyo harufu ya usafi. Toka siku hiyo tukawa tunasalimiana kwa kupitia mume wangu.

Ikafika Julai, na baridi yake. Mama akaomba dirisha lifungwe, nikafunga. Ilikuwa Jumapili, wifi yupo. Nilifunua jakuzi, tukamwingiza Mama pamoja, mashine ikiunguruma ukutani. Akakohoa kidogo. Akakohoa tena. Kisha kikohozi hakikukatika, kifua kikaanza kupiga filimbi, na mkono wake mzima ukanishika shingo kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mtoe!" wifi akapiga kelele.

"Shika huo upande! Shika, basi!" Heshima niliisahau.

Mwili uliolowa ni mzito na unateleza. Tulimwinua, akaturudia majini. Nje mume wangu alikuwa akigonga mlango. "Kuna nini? Nyinyi, kuna nini?"

Wifi alimtupia Mama leso mwilini, akageuka. "Ingia! Ingia tu!"

Aliingia uso ameuelekeza ukutani, akapapasa, akambeba mama yake hadi uani kwenye hewa. Midomo ya Mama ilikuwa na rangi ya majivu.

Kliniki walimvutisha dawa ya mvuke, pumzi ikarudi polepole. Daktari akauliza tulikuwa na nini chumbani. Nikamweleza.

"Gesi hiyo haichagui," alisema. "Inachoma vijidudu, inachoma na mapafu. Mlikuwa mmefunga dirisha?"

"Tulifunga," nikasema.

Tuliporudi mume wangu alichukua bisibisi aing'oe mashine. Nikamzuia, na yeye na dada yake wakanishangaa. Nilisema ngozi imepona, hilo siwezi kulikana. Kosa ni mahali ilipo na jinsi tunavyoitumia. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe fundi aliihamishia nje, akatoboa matundu ya hewa ukutani. Mashine huwashwa asubuhi, huzimwa kabla Mama hajaingia, kifuniko hufunuliwa mapema hewa ipite, na klorini natia kidogo sana. Mtu mwenye maji ya bomba kila siku na ngozi isiyomsumbua ningemwambia asijisumbue. Sisi ilitufaa.

Ila Mama alikataa.

"Hayo maji yana pumzi," alisema. "Siingii."

Mguu ukaanza kukakamaa tena. Nilimbembeleza, mwanawe akambembeleza kutoka nje ya mlango, wapi. Kila alasiri nilimtazama akiuburuta, na kila alasiri nikaogopa kumlazimisha.

Jumapili moja wifi alifika na nguo zake za kanisani. Alivua viatu, akavua gauni, akaingia kwenye jakuzi na shimizi yake hadi mabegani. Mama, kwenye kiti chake, akakikodolea macho kifua cha bintiye. Nami nilijikuta nakisikiliza kama kitapiga filimbi.

"Niko sawa, Mama. Njoo sasa."

"Kaa kwanza. Bado nakutazama."

Wifi akakaa. Jasho lilimtiririka, nywele alizotengeneza zikalala. Kila alipotaka kuinuka Mama alitikisa kichwa. Vidole vya wifi vilikuwa vimeshakunjamana Mama aliponigeukia, akanyoosha mkono wake mzima.

"Nivue, mwanangu," akasema. "Lakini yeye asitoke."