Ukuta wa Nyuma

Asubuhi moja wiki iliyopita kijana wa bodaboda aliniletea kitabu kutoka shuleni, kizito kama tofali, kimefungwa kwa karatasi ngumu yenye stempu za Uingereza. Jina lililoandikwa juu lilikuwa la bibi yangu, ambaye amelala makaburini hapa Mkunya, Newala, tangu nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Mkuu wa shule aliulizauliza, akaambiwa kipelekwe kwa yule mjukuu wake asiyetoka nyumbani. Sikukasirika. Kwangu hilo si tusi, ni anuani.

Unajua mimi nilivyo. Masasi nimefika mara chache, Mtwara mara mbili, na zote mbili nilikwenda kumtazama mgonjwa hospitali. Basi nikavuta kigoda, nikakifungua kitabu mapajani huku maharage yakichemka. Nilipofika kwenye picha ya kwanza nikayasahau maharage mpaka yakaungua, kwa sababu ile picha ilikuwa ya ukuta wa nyumba yetu.

Nikiwa na miaka kama tisa hivi, nyumba ya jirani yetu ilipangishwa kwa Mwingereza mmoja, msichana mrefu, mwalimu wa kuchora katika shule ya misheni. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu moja isiyo na heshima hata kidogo: alikuwa hajaelewa nani anamwamkia nani. Akitukuta njiani anatuambia, "Shikamoo," na sisi tunaitikia, "Marahaba, mwanangu," tunapita vifua mbele. Bibi alipokuja kujua, tuliipata habari yetu. Siku iliyofuata tulipanga mstari nje ya mlango wa mwalimu, tukatoa shikamoo zote tulizokuwa tunadaiwa.

Mwalimu huyo alikuja kwa bibi mwishoni mwa kiangazi, wakati mabibo ya mikorosho yameanza kuiva na kijiji kizima kinanuka utamu ulioanza kuchacha. Aliomba ukuta.

"Ukuta wa nini?" bibi akamwuliza.

"Wa kuchora, bibi. Karatasi ni ndogo."

Bibi alimpa ukuta wa nyuma, unaotazama machweo, kwa maelezo kwamba huko hapiti mtu. Kila jioni akitoka shuleni mwalimu alichukua udongo mwekundu, udongo mweupe, mkaa, maji ya mabibo, yale ambayo yakiingia kwenye shati hayatoki mpaka shati life, na buluu ya kufulia nguo aliyoinunua dukani kwa makumi ya vipakiti. Tukadhani anafua sana. Kumbe buluu yote ilikwenda ukutani. Na hakuchora kitu. Hakuchora mbuzi wala mkorosho wala mwanamke mwenye ndoo. Alipaka doa, akarudi nyuma, akashika kiuno, akaja akalifuta.

Jirani yetu muuza vitumbua alikuja kuangalia, akatafuna kitumbua, halafu akasema, "Mama, huyu kwao hawakumtuma. Wamemfukuza."

"Anafutia brashi zake tu," bibi akajibu. "Mwache."

Mimi nililishika hilo neno la brashi. Lilinitosha.

Lakini bibi alianza kubadilika. Mwalimu akipumzika walikaa pamoja, wakila ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayotaka meno na subira. Mwalimu aliutazama uso wa bibi, wenye nembo alizochanjwa zamani, mpaka bibi akamwambia, "Unanisoma kama gazeti. Ukimaliza niambie habari za leo." Siku moja mwalimu akamweleza jambo lililokuwa linamsumbua. Kwao alikuwa anachora farasi, farasi wanauzika, na baba yake, mwoka mikate, hakuona sababu ya kuacha. Sasa kuna mzee mwenye jumba la kuonyeshea picha, anapita Masasi safarini, atakuja Jumamosi na kamera kuutazama huu ukuta. Akiukubali, mwalimu ataendelea na njia yake. Akiukataa, anarudi kwa farasi.

"Farasi ana ubaya gani?" bibi akauliza.

"Hana ubaya, bibi. Nimemchoka."

Nilikuwepo nikimenya muhogo, na nilisikia kila neno. Ila sikujua kwamba ukuta unaozungumzwa ni ule wa kufutia brashi. Nilifikiri mzee yule ataonyeshwa picha za maana, za ndani.

Ijumaa alfajiri bibi alinipa kazi. "Kesho mgeni wa mwalimu atapita hapa. Nyufa zimezidi. Siriba ukuta." Hakusema ukuta upi, kwa sababu kila mtu mwenye akili anajua mgeni huonyeshwa ukuta wa mbele. Akaenda shamba kuokota korosho.

Na mimi nilitaka kufanya kazi, nakuapia. Niliukanyaga udongo kwa ndoo mbili za maji, na maji ya Newala wakati ule yalipandishwa kichwani kutoka bondeni, mwendo wa nusu siku, kwa hiyo ndoo mbili zilikuwa jambo la heshima. Lakini ukuta wa mbele ulikuwa umeshapigwa na jua la asubuhi. Wa nyuma ulikuwa na kivuli kizuri, baridi kama mtungi. Nikajiambia nitaanza huku, jua likihama nitakwenda kule. Nikayaona yale madoa, nikasema lo, uchafu wote huu na mgeni anakuja. Nikayafunika. Nilisiriba kama alivyonifundisha bibi, kiganja wazi, mkono unazunguka kama unaosha sinia, mpaka ukuta ukawa safi kama uso wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kisha nikalala.

Bibi ndiye aliyeona kwanza. Hakupiga kelele. Aliniambia tu nikakate fimbo mwenyewe, ya mkorosho, na nisilete nyembamba. Nilikuwa narudi nayo mwalimu alipotokea kwenye kona ya nyumba na madaftari yake kifuani.

Alisimama. Bibi akaanza kumwomba radhi kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kimakonde, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Mwalimu alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, uso umemwishia damu, na mimi kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba nimemrudisha mtu kwa farasi.

"Lete fimbo," bibi akasema.

"Subiri, bibi," mwalimu akasema, bila kugeuka.

Jua lilikuwa limeshavuka paa, sasa linauchoma ule ukuta moja kwa moja. Udongo wangu ulikuwa mwembamba, uvivu tena, na ulipokauka ukaanza kupasuka nyufa laini kama za kiganja. Na katika zile nyufa, polepole, buluu ikaanza kupanda. Ilikuwa imelowana kwa maji yangu, ikatafuta njia. Ikatoka kama mvuke, hapa, pale, halafu upande mzima. Mizunguko yote ya mkono wangu ikaonekana, kila kidole na safari yake. Tulikaa pale watatu, tukiutazama. Mimi nimeshiriki ibada nyingi, lakini ukimya wa jioni ile sijaupata tena.

"Nionyeshe mkono," mwalimu akaniambia.

Nikampa wa kushoto, ili wa kulia ubaki mzima wa kulia chakula. Akacheka, akauchukua wa kulia. Kidole changu kidogo kimepinda. Nilianguka kutoka juu ya mkorosho nikiwa mdogo, na fundi wa mifupa alikiunga huku anazungumza na mtu mwingine. Mwalimu alikiweka juu ya alama yake ukutani. Kikaingia.

Kesho yake, Jumamosi, tulianza mapema. Yeye alilowesha kitambaa, akafuta udongo sehemu tatu tu, madoa yake ya zamani yakachungulia. Mimi alinipa udongo nipitishe mkono tena pale alipoonyesha. Bibi aliketi akitoa amri: "Kiganja kisiogope. Hapo umeogopa. Rudia." Sikujua anamwambia nani kati yetu.

Mgeni alifika, akavua kofia, akaomba kiti. Alikaa muda mrefu kuliko mtu anayekaa msibani. Halafu akatoa kamera. Alipoondoka bibi akalalamika, "Ameutazama ukuta kuliko alivyonitazama mimi, na mimi ndiye niliyempikia kuku."

Msimu wa korosho ulipokwisha mwalimu akarudi kwao. Alimwachia bibi kanga na mimi kalamu za rangi, ambazo nilizitunza vizuri mpaka panya wakazila.

Sasa nimekaa na kitabu, na Kiingereza changu cha kidato cha nne, na kamusi ya mwanangu. Nimekisoma kwa siku nne, kama mtu anayepanda kutoka bondeni na ndoo. Ni kitabu cha kazi za yule mwalimu, na mpwa wake ndiye aliyekituma. Mwalimu alifariki uzeeni, na alikuwa ameacha jina la bibi kwenye orodha ya watu wa kutumiwa kitabu. Kinasema aliporudi walimcheka, akaosha vyombo mahotelini huku akichora mbao kubwa kama milango, akizipaka udongo na kuufuta. Kinasema baadaye majumba makubwa yakazinunua. Macho yalipoanza kufifia aliacha rangi, akafinyanga maumbo makubwa kuliko mtu, kwa sababu mikono ilikuwa bado inaona. Miaka aliyokaa kwetu imepewa mstari mmoja na nusu. Nimeuhesabu mara mbili.

Lakini tazama picha. Katika kila ubao, na baadaye katika kila umbo, mahali fulani pembeni, kuna alama ya kiganja kidogo chenye kidole cha mwisho kilichopinda. Kitabu kinaiita sahihi yake, na kinakiri kwamba hakuna ajuaye ilitoka wapi. Alikuwa anaichonga maisha yake yote. Mimi sijavuka Mtwara, rafiki yangu, na kidole changu kimezunguka dunia bila kuniaga.

Chini ya ile picha ya kwanza wameandika kwamba ukuta haupo tena. Si kweli sana. Nyumba ya bibi iliangushwa na mvua, na sisi hatukutupa udongo uliokwisha kukanyagwa; tuliulowesha, tukaukanyaga upya, tukajengea banda la jiko. Ndilo hili ninalounguzia maharage. Binti yangu anataka tulibomoe, tuweke bloku na saruji, na ana haki; nyumba zote hapa zimeshakuwa za bloku, na watoto wake hawajawahi kutia mkono kwenye udongo isipokuwa kwa kuanguka. Akimaliza bibi kusiriba alikuwa anaupigapiga ukuta kama mgongo wa ng'ombe na kuuambia, "Haya, pumzika." Sijamsikia mtu mwingine akizungumza na ukuta.

Nilimwambia binti angoje mpaka korosho ziuzwe. Jana akiwa sokoni nikafungua bomba, nikajaza ndoo mbili, nikakanyaga udongo. Magoti yalilalamika sana. Jua lilikuwa limeshashika upande wa mlangoni, ambako nyufa ni nyingi na wageni wanapita. Nikaanza na upande wenye kivuli.