Hawa ni Watoboa Kadi Tu

Habari za kifo cha mwenzangu wa zamani kazini zilinifikia hapa Busia Jumanne asubuhi, kwa simu ya binti yake. "Mama, mzee ametuacha. Tunamzika nyumbani, Nagongera." Nilimpa pole, nikakata simu, nisijue kama nilichokuwa nacho kifuani ni huzuni au hasira. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnisamehe. Leo nimeshindwa kumsifu marehemu kama ilivyo desturi.

Tulifanya kazi pamoja Kampala, katika shirika lililokuwa na kompyuta za zamani zile, kubwa kama chumba cha kulala. Nje jua linawaka, sisi ndani tumevaa sweta, kwa sababu mashine haikutaka joto. Mimi na wanawake wengine tuliajiriwa kutoboa kadi, maana mashine ile ilisoma matundu ya kwenye kadi tu. Yeye alikuwa mwandishi wa programu. Siku moja niliangusha sanduku zima la kadi, mpangilio wote ukavurugika. Alipiga magoti sakafuni, tukazipanga moja moja hadi jioni, na meneja alipouliza kwa nini kazi imechelewa, alisema kosa ni lake. Tangu hapo akaanza kunifundisha kuandika programu. Ile iliyohesabu mali ya stoo niliiandika mimi. Yeye aliikagua, akacheka kwa furaha.

Kisha zikaja kompyuta ndogo za mezani, na watu wachache walitakiwa kufundishwa. "Usiwe na wasiwasi, dada," aliniambia. "Nikiingia mimi, na wewe umeingia." Siku ya kikao cha kuwachagua nilikaa nje ya ofisi ya meneja nikisubiri kuitwa, na mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia meneja akimwuliza kama kati yetu wanawake yuko anayeweza kujifunza mashine mpya.  Naye akajibu, "Hapana. Hawa ni watoboa kadi tu." Sikuitwa. Mwezi uliofuata nilirudi Busia bila kazi.

Miaka mingi baadaye, akiwa amestaafu, alikuja kunitembelea. Nilimwuliza kwa nini siku ile alisema vile.

"Mwishoni ilibaki nafasi moja, dada," akasema. "Ningekutaja, wangekuchukua wewe."

"Lakini uliniahidi."

"Nilijua wewe utajisaidia tu. Una akili."

Akamalizia chai yake, akaniaga vizuri.

Nilikwenda kumzika. Msemaji alieleza jinsi marehemu alivyoandika peke yake programu ya stoo, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mjane wake alinishika mkono akaniuliza tulifahamiana wapi. "Kazini," nikamjibu, nikatafuta boda boda ya kurudi.

Siku hizi vijana wanaambiwa mashine ndizo zitakazowapokonya kazi. Huenda ni kweli. Yangu ilichukuliwa na mtu niliyepiga naye magoti, na hadi leo kinachoniuma ni kwamba alinijua vizuri kuliko yeyote mle ndani. Meneja hakujua, ningeweza kumsamehe. Kumsaidia mwenzako mkiwa wawili ni rahisi, maana hakukugharimu kitu. Nyinyi mlio kazini leo, mkiulizwa habari za mwenzenu naye hayupo mezani, semeni mnachokijua, hata kama nanyi mnakitaka kiti hichohicho.