Rasimu ya Kwanza

Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali hapa Songea, na siku niliyoajiriwa nilikula kiapo cha kutunza siri. Leo nakivunja na siombi radhi. Wakati ule niliapa kwa moyo mweupe, nikidhani siri za serikali ni mambo ya mipaka na maadui. Sikujua kwamba ipo siku siri yenyewe itakuwa mikono ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa mlinzi wa ghala la mbolea. Msimu wa kupanda mifuko ikaonekana pungufu, akakamatwa, akahojiwa siku nne. Aliporudi nyumbani Mfaranyaki vidole vyake vilikuwa havikunjiki. Mama akawa anamlisha ugali, mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Hospitali ya Peramiho walisema mishipa ya fahamu imeumia, tuwe na subira. Mifuko nayo ikaja kukutwa kwenye ghala jingine, imehamishwa kihalali na karatasi zake zote zipo. Hakuna aliyekuja hata kusema pole.

Tulilalamika, ikaundwa kamati. Wajumbe watatu walikuja nyumbani, wakanywa chai yetu, wakamsikiliza kuanzia asubuhi hadi mchana. Mwenyekiti alimwamkia mama shikamoo, akamwahidi kwamba taarifa ikikamilika mwanawe atapewa nakala. Mdogo wangu hakutaka fidia. Alichotaka ni hiyo nakala, kwa sababu mtaani walishazoea kumwita mwizi.

Taarifa ilipofika ofisini kwetu kuchapwa, bosi wangu aliniita. Alijua fika kwamba ni ndugu yangu. Yeye si mtu wa huku, alihamishiwa tu kikazi, lakini baba alipofariki alikaa nasi mkekani mpaka tulipoanua matanga, nami tangu hapo nilimhesabu ndugu.

"Nimekupa wewe," aliniambia, "ili ushuhudie kwamba hatufichi kitu."

Nilichapa kurasa kumi na moja. Waya aliofungwa nao mikono ulikuwemo. Bomba alilotundikwa lilikuwemo. Ilikuwemo pia namna waliomhoji walivyomshika kidole gumba, wakakikandamiza kwenye wino, kisha chini ya maelezo ya kukiri ambayo hakuyasoma. Nilichapa huku nalia, lakini nisiwadanganye, nilikuwa na furaha pia. Nilijiambia, kumbe serikali ina macho.

Wiki mbili baadaye bosi akaniletea karatasi nyingine, safari hii kurasa mbili tu. Mlalamikaji aliumia alipoanguka akijaribu kutoroka, hakuna aliyemgusa. Nikamuuliza zile kumi na moja ziko wapi. Akasema ile ilikuwa rasimu, na rasimu si taarifa. Hata hii ya pili ingegongwa muhuri wa siri, hakuna wa kupewa. Kisha akaongeza kwa upole, kana kwamba ananionea huruma:

"Dada, kumbuka kiapo chako."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alinipa mimi. Angempa mwingine, ningebaki ndugu wa mlalamikaji, mwenye haki ya kuuliza na kupiga kelele. Kwa kuniwekea taarifa ile mezani alinigeuza mtunza siri. Mtu aliyekaa kwenye mkeka wa msiba wetu ndiye aliyelipanga hilo, na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Hata hivyo, nilichapa.

Kila Jumapili tukitoka kanisani mama aliniuliza kama taarifa imetoka. Nilimjibu bado. Mwishowe mdogo wangu akamwomba jirani amwandikie barua ya kudai nakala yake. Bosi akanipa majibu niyachape, mistari mitatu: taarifa anayoiulizia haiwezi kutolewa.

Mdogo wangu alikuja mwenyewe kuichukua. Anayechukua barua lazima asaini daftarini. Aliitazama kalamu, halafu akakitazama kidau cha wino wa muhuri pale mezani kwangu, akanyoosha mkono. Nikamshika kidole gumba, nikakigusisha kwenye wino, nikakikandamiza kwenye daftari. Niliusikia mkono wake ukishtuka, nami nilijua ulikuwa unakumbuka nini, maana nilikuwa nimeyachapa.

Aliisoma barua akiwa amesimama. Mlango wa bosi ulikuwa wazi.

"Dada," akasema, "wewe unashinda humu ndani. Hujaiona hiyo taarifa?"

"Sijaiona."

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema kama mimi sijaiona basi hawakuiandika, maana mimi nisingemficha. Kisha akaniomba nimkunjie ile barua, nimtilie kwenye mfuko wa shati.