Mahali pa Kufikia Biharamulo

Safari yangu ya kwanza ya kwenda kukaa kwa watu ilipangwa na kila mtu isipokuwa mimi. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda Biharamulo kujifunza kufundisha elimu ya watu wazima. Kijiji chetu kule Mugoma, chenye nyumba zilizopangwa mistari tangu tulipohamishwa kutoka bondeni, kilikuwa na watu wazima wengi wasiojua kusoma na mwalimu mmoja aliyechoka. Katibu wa kijiji aliuliza nani amemaliza darasa la saba na hana mtoto mgongoni, wakanitaja mimi. Aliponiuliza kama nimekubali, nikasema ndiyo. Angeniuliza kama nakubali kuchimba kisima kwa kijiko ningesema ndiyo vilevile.

Nilikuwa hivyo tangu siku mwenyekiti alipokuja kwetu asubuhi amevaa koti. Mtu wa Mugoma havai koti siku ya kazi bila sababu. Kaka yangu, aliyekwenda vitani pamoja na mgambo wenzake, alikuwa ameuawa ng'ambo ya Mto Kagera. Mwili hatukuletewa. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka, baba alikwenda shambani na jembe akarudi nalo kavu. Mimi sikulia. Nilichemsha chai ya waombolezaji, chai isiyo na sukari kwa kuwa sukari nayo ilikuwa imekwenda vitani, nikaosha vikombe, nikachemsha nyingine. Shangazi alisema kwa sauti ya kutosha mimi kusikia kwamba mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Hakuwa amekosea kunitazama, ila mle ndani hata jiwe halikuwamo. Hapakuwa na kitu.

Mafunzo hayakuwa na bweni. Tuliambiwa kila mmoja ajitafutie pa kufikia. Nyumba ya wageni ya Biharamulo ilikuwa imejaa maofisa waliokuwa wakipita na mambo ya vita, na hata ingekuwa tupu, sisi hatukuwa watu wa kulala hotelini. Ndipo baba akaanza kupanga, na nadhani kupanga kulimsaidia, maana alikuwa hajaongea sentensi ndefu tangu siku ya koti.

Alimkumbuka rafiki wa kaka yangu. Kijana huyo alikuwa Msubi wa Biharamulo mjini, mtoto wa katekista, na wawili hao walipatana tangu mafunzo ya mgambo. Siku moja, kabla ya kuvuka mpaka, walipewa ruhusa fupi, kaka akaja naye nyumbani. Alikula, akalala, wakaondoka alfajiri. Wakati wa kuaga alimwambia baba kwamba mtu wa Mugoma akifika Biharamulo asilale kwingine, aulize kwa katekista. Vijana husema maneno kama hayo kwenye kila nyumba walimoshibishwa, lakini baba aliyashika.

Basi jioni baada ya jioni safari yangu ikawa inajengwa kama nyumba. Niende na maharage, kwa sababu mgeni wa siku nyingi haendi mikono mitupu. Niende na sabuni yangu, kipande mama alichokuwa amekificha ndani ya kibuyu, nisioge na sabuni ya watu wakati nchi nzima inaoga na majani. Niamke kabla ya mama mwenye nyumba, nichote maji bila kuambiwa, nikikaribishwa mara ya kwanza niseme nimeshiba. Mkeka wangu mwenyewe, blanketi langu mwenyewe. Mama aliongeza kwamba nisikae karibu na baba mwenye nyumba wakati anakula. Mimi niliitikia yote. Walikuwa wanapanga vizuri sana safari ya mtu ambaye hakuwa na hamu ya kufika.

Agizo la mwisho alilitoa baba, na hilo hakulitoa mbele ya mama. Alisema, "Habari ya kaka yako usiwaambie. Kijana wao bado yuko huko. Ukiwaambia wa kwetu amekufa, hawatalala."

Nikasema sawa.

Taarifa ilipaswa kunitangulia. Posta ilikuwa imelegea siku zile, na magari mengi yalikuwa yamechukuliwa kubeba askari, kwa hiyo tulimtegemea dereva wa lori la kahawa aliyepita Kabanga na kuendelea hadi Biharamulo. Baba alisimama naye barabarani. Nami nilikuwepo, nikamsikia akisema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Waambie wazazi wa yure kijana wa katekista, sisi wa Mugoma tunaomba mahari kwa ajiri ya binti yetu. Atakuja mwenyewe."

Sisi Wahangaza herufi l hutuponyoka, tukaidaka r. Baba alimaanisha mahali. Mimi nilielewa mahali, kila mtu pale barabarani alielewa mahali. Lakini dereva alikuwa Mhaya mwaminifu, wa kupeleka maneno kama alivyopewa. Angekuwa Msukuma, salamu zingefika salama, maana wao huigeuza kila r kuwa l na kosa lingejirekebisha njiani.

Niliondoka mavuno ya maharage yalipokwisha, nimekaa juu ya magunia pamoja na wanawake wawili na mbuzi, tukapita Nyakahura na pori lile refu lisilo na moshi wa nyumba hata moja. Biharamulo niliikuta imetulia juu ya kilima chake. Maduka yalikuwa wazi na ndani hayana kitu. Watu waliongea polepole, na kila gari lilipopanda mlima kutoka upande wa Bukoba, wote walisimamisha walichokuwa wakifanya wakatazama nani anashuka.

Kwa katekista hapakuwa pagumu kupata. Mke wake alikuwa mlangoni, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo. Aliitikia marahaba, lakini macho yake hayakuwa usoni kwangu, yalikuwa tumboni. Kisha akaninyang'anya mzigo wa maharage kana kwamba ungenivunja, akaniita mwanangu, akaniketisha kwenye mkeka mpya.

Nilidhani Wasubi ndivyo walivyo. Nilipoamka alfajiri kuchukua ndoo, nilikuta imefichwa. Maji ya kuoga yalipashwa moto. Maziwa waliyokuwa wakiyapata yalikuwa kikombe kimoja, na kikombe hicho nilikunywa mimi huku katekista akijifanya hayapendi. Nililazwa chumba cha kijana wao, kwenye kitanda chake, na shati lake likiwa bado kwenye msumari. Majirani walikuja mmoja mmoja kunisalimia, wakaniangalia kwa adabu na kuondoka wakinong'ona. Mmoja alileta ndizi mbivu, akamwambia mama mwenye nyumba kwamba Mungu hamwachi mtu. Mtu mwenye akili zake angeuliza. Mimi nilikwenda kwenye mafunzo, nikarudi, nikanywa maziwa. Nilikuwa nimezoea mambo kunitokea bila mimi kuyahusu.

Yule katekista alikuwa mtu wa Kiswahili fasaha. Alikuwa amesomea dini kwa mapadri, na l yake na r yake zilikaa kila moja kwenye kiti chake. Mtu akisema "nimerara" alimrudisha: umelala. Hata sala hakuiacha ipite na kosa. Nafikiri ndiyo sababu jambo lile lilimpata yeye. Angekuwa anachanganya kama sisi wengine, angesita, angemuuliza dereva, umesema mahari au mahali? Yeye alisikia neno, akalijua maana yake, akaliamini.

Jioni moja baada ya chakula alikohoa na kuweka mikono magotini. Mkewe alikuwa mlangoni anafuta sahani kwa kitambaa.

"Binti," alisema, "sisi hatukatai. Kijana hayupo, lakini jina lake lipo. Waambie wazee wa Mugoma mahari tutatoa."

Nilimwonea huruma kwa jinsi alivyokuwa na wasiwasi. Nikamjibu kwa heshima zote nilizofundishwa:

"Mahari mmeshanipa, baba. Ni pazuri sana."

Akanitazama. Niliona midomo yake ikirudia bila sauti. Ni pazuri. Katika Kiswahili chake chote hapakuwa na mahari inayoweza kuwa pazuri. Mahari huwa nzuri, huwa kubwa, huwa ya ng'ombe au ya majembe. Penye pa ni mahali tu. Alikaa na hako kasilabi kadogo kwa muda, kisha akafumba macho. Akaniuliza taratibu baba yangu alimwambia nini hasa dereva, nami nikamwambia, na nilipokuwa namwambia ndipo nami nikaelewa maziwa, ndoo, ndizi za jirani, na macho yale ya siku ya kwanza.

Mkewe hakumgeukia mumewe. Aliniuliza mimi.

"Kwa hiyo tumboni hakuna kitu?"

"Hakuna, mama."

Akaendelea kuifuta ile sahani ingawa ilikuwa imekauka zamani.

Asubuhi nilikunja mkeka wangu. Nilikuwa na haya, na haya hiyo ilinishangaza, kwa kuwa ilikuwa kitu cha kwanza nilichohisi tangu msiba. Nilijisemea nitamwomba mmoja wa wenzangu wa mafunzo nibanane naye. Nikaikuta ndoo imewekwa mlangoni, nikaelewa kwamba nimerudi kuwa mgeni wa kawaida, nikaenda kuchota maji ili niondoke bila deni la kazi. Niliporudi, mama mwenye nyumba alikuwa ameukunjua mkeka wangu, ameutandika jikoni, na amekaa juu yake anachambua maharage yangu mwenyewe. Akaniambia nikae.

Tulichambua pamoja. Kisha akauliza kama angalau nilimwona mwanawe, kwa macho yangu. Nikasema nilimwona, alilala kwetu. Alitaka kujua alikula nini. Ndizi na maharage, nikamwambia, na hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Akataka zaidi, na mimi sikuwa na zaidi. Nilikuwa nimemwona kijana yule kama mtu anavyomwona rafiki wa kaka yake, yaani nusu. Nilitafuta kichwani, nikapata kitu kimoja. Alipomaliza kula, aliinuka akaosha sahani yake mwenyewe. Mama yangu alitaka kuzirai, mgeni mwanaume anaosha sahani nyumbani kwake.

Mama wa Kisubi akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Nilimfundisha mimi," akasema. "Baba yake hajui."

Akachambua konzi nyingine. Halafu, kwa wema tu, ili zamu iwe yangu, akauliza: "Na kaka yako, yeye anapenda nini?"

Tangu siku ya koti watu walikuwa wameniuliza alikufa wapi, lini, kwa risasi au kwa bomu, kama kuna mtu aliyemzika. Hakuna aliyeniuliza swali hili. Nikafungua mdomo bila kufikiri.

"Alipenda mtindi," nikasema. "Mtindi na kubisha."

Nililisikia neno langu likiwa limeshatoka. Alipenda. Mikono ya mama mwenye nyumba ikasimama ndani ya ungo. Sikuweza kulirudisha, na baba hakuwa amepanga nifanye nini likitokea. Mama yule aliniangalia, na niliona hofu ikiingia machoni mwake na kukaa, ile hofu baba aliyotaka nisiwapelekee. Kisha aliuweka ungo chini, akanivuta kichwa changu kikubwa cha darasa la saba mpaka kwenye bega lake lenye harufu ya moshi, na mimi nikalia. Sikulia vizuri. Nililia kwa kelele na makamasi, maharage yakamwagika, na katekista akaja hadi mlangoni akarudi alikotoka.

Sikuhama. Nilimaliza mafunzo nikiwa pale, nachota maji, nakula mwishoni, yote kama nilivyoelekezwa, na ile ganzi ya tangu msiba ikarudi, kwa sababu kilio kimoja hakimalizi kitu. Lakini magari yalipopanda mlima, sasa tulikuwa wawili tunaotoka nje kutazama. Niliporudi nyumbani, baba aliniuliza kama walinipa mahari. Nikasema walinipa. Nikafundisha watu wazima a, e, i, o, u, na kila nilipofika kwenye l na r nilikaa hapo muda mrefu kuliko kitabu kilivyotaka.

Vita vilipokwisha, askari walirudi wakiimba, na yule kijana hakuwa miongoni mwao. Dereva wa kahawa ndiye aliyetuletea habari ya msiba wao. Nilikwenda mwenyewe, juu ya magunia yaleyale, na safari hii hakuna aliyepanga lolote.

Nyumba ya katekista ilikuwa imejaa. Jikoni wanawake walikuwa wameketi kama desturi inavyotaka, ndugu wa damu upande wa ukuta, wakwe upande wao, majirani karibu na mlango. Nikakaa mlangoni. Mama mwenyewe, sauti imemwishia, alininyooshea mkono kunionyesha mkeka ulio karibu na mguu wake, upande wa wakwe. Nikaenda. Shangazi mmoja wa Kisubi akauliza kwa ukali kidogo huyu ni wa nani, mbona anakaa pale.

"Mwacheni," mama alinong'ona. "Hapo ni mahari pake."

Katekista alikuwa amesimama karibu, na alisikia. Nilimngoja. Mtu yule, ambaye hata sala hakuiacha ipite na kosa, aliinamisha kichwa na hakumsahihisha.