Picha ya Kifua cha Asukulu

Nilisafiri mwaka wa uasi kwa sababu kaka yangu mkubwa Asukulu, niliyemwita yaya kama desturi yetu, alikuwa amepata kazi ya udereva Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, na kampuni ilikataa kumwandika kabla hajapigwa picha ya kifua. Alikuwa mzima. Alivuta tumbaku kutwa bila kukohoa, na alikula bugali wa watu wawili. Mimi dada yake, mwalimu wa shule ya Makobola, nilimsindikiza kwa kuwa sikuiamini kampuni inayotaka kuona ndani ya mtu kabla ya kumpa usukani.

Alfajiri tulishika njia kwa miguu, ziwa likiwa kuliani, na adhuhuri tukaingia Uvira. Mji ulikuwa unanong'ona. Hata mama aliyetuuzia ndagala, dagaa wa ziwa letu, alituuliza mara tatu tumetumwa na nani.

Siku ya pili tulifika hospitali ya Bujumbura. Daktari, mzungu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, aliinua picha dirishani akatuonyesha doa dogo kama punje ya haragwe.

"Ni kansa," alisema. "Imeanza tu. Nikiitoa sasa, anaweza kupona. Lakini mimi niko hapa wiki tatu, halafu narudi Ulaya."

Nilimtazama mikono. Mtu haumwi popote, leo apasuliwe na mgeni mwenye haraka! Bahati nzuri, kwetu mtu hapasuliwi bila neno la mjomba, nami nilijificha nyuma ya mila hiyo kwa furaha. Daktari akanikabidhi picha tukamwonyeshe mjomba.

"Mweleze vizuri, mwalimu," akaniambia.

Siku ya tatu, kabla ya Uvira, tulikuta kizuizi cha waasi. Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye ndevu, aliinyoosha picha juani.

"Hii iko karte," alisema, akidhani ni ramani. "Na hii doa? Njo fasi ndege itatupa bombe? Benye kuwatuma ni banani?"

Asukulu akavua shati polepole, akaomba picha, akaibandika kifuani pake, mbavu kwa mbavu.

"Angalia, ndugu. Hapana karte. Iko minye mwenyewe."

Walicheka, wakatuachia. Picha waliichukua tena; tulipogeuka nyuma, yule mwenye ndevu alikuwa bado anatafuta barabara ndani yake.

Jioni, Makobola, mjomba wetu alikaa na ndugu wote kusikiliza.

"Ugonjwa iko wapi?" aliuliza. "Minye naona muntu anakula."

"Doa iko, mjomba," Asukulu akajibu. "Picha banainyang'anya ku barrière, lakini mwalimu aliiona na macho yake."

Wote wakanigeukia. Niliiona, ndiyo, na niliibeba mikononi mwangu. Lakini niliikumbuka ile mikono ya daktari, na uvumi wote niliousikia utotoni juu ya wazungu wanaochinja watu.

"Sijui," nikasema. "Yule mzungu alikuwa na haraka sana."

Mjomba akasema hakuna kupasua. Asukulu alinitazama kidogo, akanawa mikono, akaanza kula.

Wiki ile ile vita vilifunga barabara. Ilipofunguka tena, miezi mingi baadaye, Asukulu alikuwa anakohoa damu. Tulirudi Bujumbura. Daktari mwingine alitazama picha mpya, akasema hakuna tena cha kukata.

Safari hiyo nilijifunza jambo moja, na nimechelewa kulisema. Nilimshuku kila mtu njiani, kampuni, daktari, waasi, hata muuza ndagala. Wale waasi walichukua picha tu. Neno la kumponya kaka yangu lilipita kizuizini salama, mdomoni mwangu, likafika nyumbani, nami nikalimeza.

Tulirudi kwa lori la mihogo, kichwa chake kikiwa pajani mwangu. Tulipokaribia Makobola akafumbua macho.

"Siku ile, ile doa, uliiona?"

"Niliiona, yaya."

"Aksanti," alisema. "Nilizani niliiona minye peke yangu."